Mama anapougua saratani, mtoto aambiwe nini?

Mzazi mwenzangu, tuseme mama mmoja wa hapa Igogwe amegundulika na saratani ya mlango wa kizazi. Amepewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka nyumbani. Matibabu ya mionzi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo hatarudi kesho wala keshokutwa.

Watoto wanaambiwa, "Mama kaenda kumsalimia shangazi."

Lakini watoto wana macho. Wanaona baba hamalizi chakula, bibi anafuta machozi jikoni, majirani wananyamaza wao wakipita. Wa miaka saba anakumbuka siku aliyogoma kuchota maji, mama akafoka, "Mtaniua nyie watoto!" Sasa anaamini kosa ni lake, na hana wa kumwambia.

Mwanasaikolojia tiba husaidia hapo. Yeye haondoi uvimbe, hiyo ni kazi ya madaktari. Humsaidia mgonjwa kukabili hofu, kukosa usingizi na mawazo ya kuacha matibabu, na huisaidia familia kuzungumza bila kufichana. Hospitali isipokuwa naye, muulize daktari au ofisa ustawi wa jamii nani anatoa ushauri nasaha. Kuuliza hivyo si dalili ya wazimu wala ya upungufu wa imani.

Nyumbani, anza na mambo matatu. Kwanza, utaje ugonjwa kwa jina lake: "Mama ana saratani, yuko Dar es Salaam anatibiwa." Pili, mwambie mtoto hakuusababisha, na kwamba saratani haiambukizi kwa kukumbatiana wala kula sahani moja. Tatu, mweleze nani atampikia na nani atamwandaa kwenda shule.

Akiuliza, "Mama atakufa?" usiape kwamba hatakufa. Sema, "Madaktari wanamtibu. Kukiwa na jambo jipya nitakwambia." Kisha utimize.

Na mama naye apigiwe simu, asikie nani kapata namba ngapi darasani na ndizi za shambani zimefikia wapi. Akianza kusema yeye ni mzigo, au ni heri afe, msimkemee wala msilifanye siri. Mwelezeni daktari siku hiyohiyo.

Yule wa miaka saba anasubiri aambiwe kwamba hakumuua mama yake. Mwambie leo, kabla hajalala.