Nguvu za Uzeeni na Moyo wa Mwanamume

Testosteroni, yaani homoni ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na korodani na kuchukuliwa na damu kwenda kutunza misuli, mifupa na hamu ya tendo la ndoa, hupungua kidogo kidogo, kwa kadiri ya asilimia 1 kwa mwaka, mwanamume anapovuka miaka 30 au 40. Upungufu huo si ugonjwa, ni umri. Ugonjwa ni pale dalili zinapokuwapo na damu iliyopimwa asubuhi, tena si mara moja, ikaonyesha kiwango cha chini kupita kawaida, na ni mgonjwa wa namna hiyo tu anayestahili kuongezewa homoni kwa sindano au jeli ya kupaka.

Kuhusu moyo, ubishi ulikuwa mrefu. Mwaka 2010 iliripotiwa kwamba jaribio moja la Marekani kwa wazee 209 lilisitishwa kwa sababu waliopewa homoni walipatwa na matatizo ya moyo zaidi kuliko wenzao. Lakini mwaka 2023 utafiti uitwao TRAVERSE, wa wanaume wapatao 5,200, ulionyesha kwamba vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi viliwapata asilimia 7.0 ya waliotumia homoni na asilimia 7.3 ya waliopaka jeli isiyo na dawa. Anayeishia hapo amesoma nusu ya habari, maana utafiti uo huo ulikuta mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, mabonge ya damu mapafuni na madhara ya figo yakiwa mengi zaidi kwa watumiaji, nao walikuwa mikononi mwa madaktari.

Katika magulio ya Masasi na Newala hakuna daktari. Malipo ya korosho yakishaingia, unga wa nguvu za kiume usio na jina la mtengenezaji hununuliwa bila swali, ingawa unga wa namna hiyo umekutwa katika nchi nyingi umechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ipanuayo mishipa, ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia naitreti, dawa ya maumivu ya kifua, yaweza kuiangusha presha hata akafa.

Zaidi ya hayo, mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo presha, kisukari na mafuta yazibayo mishipa huweza kujidhihirisha huko, kwa uume kushindwa kusimama, miaka kadhaa kabla moyo haujalalamika. Anayeona haya kulisema hilo anamficha daktari dalili ya mapema, wala jando halikumfundisha mwanamume kuogopa kipimo. Wazee wa Masasi na waende hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda, na wa Newala waende hospitali yao, wakapimwe presha na sukari kabla fedha ya korosho haijaisha.