Oili ya Giaboksi si Oili Yoyote



Swali limetufikia kutoka kwa dada yetu wa Kisauni, mwenye gari la Vitz analopelekea watoto chuoni. Fundi amemwambia kwamba oili ya giaboksi imechakaa, na kwamba atamtilia "ile nyekundu ya kawaida". Mumewe yuko safarini, naye anauliza: je, akubali? Jawabu letu ni kuwa asikubali mpaka ajue gari lake lina giaboksi ya namna gani.

Magari mengi yanayoteremshwa bandarini kwetu kutoka Japani ni otomatiki, nayo aghalabu huwa ya namna mbili. Namna ya kwanza ina gia nne, tano au sita zinazojibadilisha zenyewe kwa kushikwa na sahani za klachi. Namna ya pili, ijulikanayo kwa herufi CVT, haina hatua hizo; ndani yake mna mkanda wa chuma uliobanwa baina ya puli mbili, na puli hizo hujitanua na kujibana kwa kadiri ya mwendo. Vitz nyingi za tangu 2005 ni CVT, na kadhalika Nissan Note nyingi. Probox za mwanzo zilikuwa za gia nne, ilhali zile za tangu 2014 ni CVT. Kwa hivyo jina la gari peke yake halitoshi.

Katika CVT ni chuma kinachoshika chuma. Oili yake ina kazi mbili zinazokaribia kupingana: ilainishe, na papo hapo isiuache mkanda uteleze. ATF, yaani oili ya otomatiki za kawaida, haikuundwa kwa kazi hiyo. Ikitiwa humo, gari laweza kwenda siku kadhaa kama kwamba hapana neno, kisha mkanda ukaanza kuteleza, ukazikwaruza puli na kujaza oili unga wa chuma. Ikifika hapo, fundi atakwambia utafute giaboksi nyingine, na bei yake yaweza kumeza karo ya watoto.

Wala rangi si hoja. ATF ilitiwa rangi nyekundu ili ipambanuke na oili ya injini; wekundu wake hauelezi inafaa gari lipi. Linaloeleza ni jina. Toyota za gia za kawaida hutumia T-IV kwa zile za zamani na WS kwa za karibuni, na WS ni nyepesi zaidi, basi haifai kubadilishana nazo ovyo. CVT za Toyota hutumia TC au FE. Nissan wana NS-2 na NS-3 kwa CVT zao, na Honda wana oili zao wenyewe.

Jina hilo aghalabu huandikwa kwenye kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ikiwa gari linacho. Katika Toyota, tazama pia kibati cha maelezo ya gari, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE: katika magari haya ya sasa, namba inayoanza kwa K, mfano K410, ni ya CVT, na inayoanza kwa U au A ni ya gia za kawaida. Mama zetu hawanunui leso bila kuikunjua na kusoma jina lake. Na mkebe wa oili usomwe vivyo hivyo, ukiwa umefungwa, kisha ufunguliwe mbele ya mwenye gari.

Kuna wanaosema oili iliyokaa miaka mingi isiguswe, kwa kuwa ukiibadilisha giaboksi hufa. Maneno haya yana chembe ya ukweli. Giaboksi iliyokwisha kuanza kuteleza haiponywi na oili mpya, na ikifa baadaye lawama huangukia oili. Lakini giaboksi nzima hainufaiki kwa oili iliyoungua. Joto ndilo adui yake, na gari linalokwenda hatua kwa hatua katika foleni ya feri ya Likoni adhuhuri hulipata tele. Mafundi wengi waaminifu hupendekeza kubadilisha baina ya kilomita 40,000 na 60,000. Ikiwa historia ya gari haijulikani, tunapendelea kumwaga na kujaza kwa upole kuliko kuisukuma yote kwa mashine. Kumwaga mara moja hutoa kama nusu tu, kwani nyingine hubaki ndani. Hurudiwa baada ya muda. Bakuli la chini likifunguliwa, omba uonyeshwe sumaku zake. Ujiuji mweusi laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma ni habari nyingine.

Mwisho ni kipimo. Toyota zenye kijiti hupimwa injini ikinguruma, giaboksi ikiwa na moto na gia ikiwa kwenye P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa punde. Zisizo na kijiti hupimwa kwa tundu la kufurikia, oili ikiwa katika joto maalumu, na kazi hiyo si ya kukisia kando ya barabara. Fundi akimaliza, mwandikishe kwenye kadi jina la oili, lita alizotia, tarehe na kilomita, na kadi ikae garini.