Mwandishi wa Riwaya Pendwa Afike Griftu

Wahakiki wengi wameidunisha riwaya pendwa kwa kuiita fasihi ya kupitishia wakati. Hata hivyo, utanzu huu ndio uliowavuta wasomaji wengi kwenye Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alichapisha *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, akadumu hadi miaka ya 1980. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika *Taifa Leo* kwa miongo kadhaa.

Waandishi wa leo wa upelelezi na vibonzo wanapopanga ziara za kuzindua kazi zao, aghalabu hutaja Nairobi na Mombasa. Griftu, katika Wajir Magharibi, haimo. Huko mtoto huzungumza Kisomali nyumbani, na Kiswahili hukutana nacho darasani kama somo la mtihani. Huyu ndiye anayehitaji mno hadithi ya kumfanya afungue ukurasa wa pili kwa hiari, na picha za kumsaidia kukisia msamiati asioujua.

Umbali si hoja. Tangu mwaka 1996, ngamia wa huduma ya maktaba ya taifa walianza kuwabebea vitabu wafugaji wa Garissa. Usalama, naam, ni wa kuzingatiwa. Lakini walimu na wanafunzi wanaishi huko huko.

Basi vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo hualika waandishi makongamanoni, vimwombe kila mgeni siku moja ya Griftu. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa mwandishi wa Kiswahili, Griftu nako ni kwao.