Kibali kisichohesabu samaki ni jetoni tu

Baba mmoja alinisimamisha karibu na soko la samaki hapa Lubumbashi, ameshika mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na karatasi saba. Alizitandaza moja moja juu ya meza ya mama muuza chisense: ya kuvua, ya mtumbwi, ya kuegesha mtumbwi, ya kusafirisha samaki, ya soko. Mbili zilizobaki hazikuwa hata na muhuri. Zilikuwa na hesabu ya pesa iliyoandikwa kwa kalamu na saini isiyosomeka.

Baba huyu ni mvuvi wa ziwa Tanganyika. Vita vilimtoa kwao pamoja na mke na watoto, wakafika Pweto, na sasa anavua Moero kwa mtumbwi wa kukodi. Mwisho wa juma anapata kazi nyingine: watu wenye magari kutoka mjini wanamlipa awapeleke ziwani wakavue manda kwa fimbo, kwa raha, kisha warudi makwao. Aliniuliza: «Ndugu yangu wa redio, wewe unasoma Kifaransa. Kati ya hizi saba, kibali ni ipi?»

Nilizisoma zote. Kila moja inasema amelipa kiasi gani. Hakuna hata moja inayouliza amevua samaki gani, wangapi, wala wapi.

Ndugu wasikilizaji, hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Mimi siko upande wa wale wanaosema vibali vifutwe. Ziwa lisilo na sheria ni la mwenye nyavu nyingi na injini kubwa, na maskini ndiye anayebaki na maji matupu. Lakini kibali kinachochukua pesa bila kuhesabu samaki si kibali. Ni jetoni, kama ile ya kuvuka barieri. Unalipa, unapita, na nyuma yako hakuna anayejua ulipita na nini.

Tuanze na sheria yenyewe. Uvuvi wetu bado unategemea amri ya tarehe 21 Aprili 1937, ya wakati wa Wabelgiji. Wakati ule mji wetu uliitwa Elisabethville, na samaki wa Luapula na Moero walikuwa chakula cha wafanyakazi wa migodi ya Union Minière. Pale Kasenga, kando ya Luapula, wafanyabiashara Wagiriki walikuwa na boti, barafu na malori, na samaki walipanda barabara ya vumbi hadi kambi za wafanyakazi. Kila mtu alipata faida yake. Mgodi ulipata chakula cha watu wake, mfanyabiashara alipata pesa, mvuvi alipata nguo na baiskeli.

Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa mpumbu. Mvua zikianza, mpumbu walikuwa wanapanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga mayai, na hapo ndipo nyavu zilikuwa zinawangoja. Walivuliwa wakiwa na mayai tumboni, mwaka baada ya mwaka. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu walikuwa karibu kwisha. Wazee wa Kasenga bado wanalitaja jina lake, lakini vijana wengi hawajawahi kumwona sahanini.

Mnaona jambo hilo? Karatasi zilikuwapo. Serikali ya kikoloni ilipenda karatasi kuliko hata sisi, lakini karatasi hazikumwokoa mpumbu. Watu waligeukia pale, na kuanzia miaka ya 1980 wakageukia chisense, wale wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Leo chisense ndio mboga ya nyumba nyingi za Lubumbashi, fungu dogo linalokula na bukari watoto sita. Tukiwamaliza na hao, tutageukia nini? Samaki wa barafu kutoka Namibia hawapatikani bila pesa, na pesa ndiyo inayokosekana.

Sasa kila mwaka tunafunga uvuvi. Wazambia wanafunga kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na upande wetu pia serikali ya jimbo hutangaza kufunga Moero na Luapula kipindi hicho cha mvua. Ni jambo jema. Samaki hajui mpaka. Akitaga upande wa Nchelenge anaweza kukulia upande wa Kilwa. Kwenye ziwa Tanganyika vilevile: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilikubaliana kupumzisha ziwa miezi mitatu, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.

Lakini mvuvi anayekaa miezi mitatu bila kuvua ana haki ya kuuliza: «Tulipofungua, samaki waliongezeka?» Nani atamjibu, na kwa hesabu gani? Hesabu hiyo haitoki angani. Inatoka kwa mvuvi mwenyewe, kila siku anayotia mtumbwi ufukoni. Ikiwa mwaka jana kwa usiku mmoja na taa mbili alijaza ndoo nne, na mwaka huu kwa usiku mmoja na taa zilezile anajaza mbili, ziwa limeshasema. Kazi iliyobaki ni kuandika, na mwenye mamlaka kusoma.

Turudi kwa wale wageni wenye fimbo. Wengi wanaona ni jambo dogo, mchezo wa watu wenye pesa. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu mwenye kupeleka wageni kuvua ana uwezo wa kuandika na ana sababu ya kutaka samaki wabaki. Kule Uganda, anayetaka kuvua sangara kwa fimbo katika hifadhi ya Murchison Falls anapewa kibali na mamlaka ya wanyamapori. Watamu, pwani ya Kenya, manahodha wa boti za kukodi wanamkamata sulisuli, wanamfunga alama yenye namba, wanaandika tarehe, mahali na ukubwa wake, kisha wanamwachia. Akikamatwa tena mbali, namba ile inaeleza alikotoka. Mgeni anarudi na picha, nahodha anarudi na pesa, bahari inabaki na samaki wake.

Sisi hatukosi cha kuonyesha. Katika Lualaba na mto Kongo kuna mbenga, yule mwenye meno kama ya mamba, na wazungu wanasafiri kutoka mbali kumtafuta. Siku biashara hiyo ikikua huku kwetu, itakuta sheria gani? Ikikuta karatasi saba na barieri nne, itakimbia au itajificha. Ikikuta kibali kimoja chenye bei inayojulikana na daftari la kujaza, itakaa na itatoa kazi kwa vijana wa Pweto na Kasenga.

Najua tayari kuna anayeninung'unikia. «Bwana, mtu wa Leta akijua nimevua kilo mia, kesho kodi itapanda. Na keshokutwa mwenye bunduki atajua nina pesa.» Woga huo si wa kijinga. Sisi wote tumeshaona orodha iliyoandikwa kwa msaada ikageuka orodha ya kulipisha. Ndiyo maana nasema daftari liulize machache, na lisiulize kabisa mambo ya mfuko wa mtu.

Hata Marekani walijifunza hilo. Wenye boti za kukodi katika ghuba ya Meksiko waliwekewa kanuni: waandike samaki wao, waeleze na mambo ya biashara yao, tena wafunge chomboni kifaa cha kuwafuata saa zote, kwa gharama yao wenyewe. Walikwenda mahakamani kwa niaba ya wenye boti zaidi ya 1,300. Februari 2023 mahakama ya rufaa iliwapa haki na ikafuta kanuni nzima, pamoja na hesabu ya samaki iliyokuwa na faida. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Serikali iliyotaka kujua samaki, pesa na safari za kila boti ilibaki bila hata ile ya samaki.

Na sisi tuna ulinzi wetu, tatizo ni kwamba hatuutumii. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi isipokuwa kwa sheria. Kwa hiyo, mama na baba, anayekudai pesa ufukoni una haki ya kumuuliza kwa heshima: ni sheria gani, ni huduma gani, karatasi yenye muhuri iko wapi? Najua kuuliza ni rahisi kwangu mimi niliye mjini. Mwenye mtumbwi uliojaa samaki wanaoharibika kwa jua hana muda wa kubishana, na anayemdai anajua hilo. Basi tusimwachie mvuvi mzigo huo peke yake. Bei zote zibandikwe kwa Kiswahili na Kibemba kwenye kila ufuko, na zisomwe redioni.

Sasa neno kwa familia zilizohama. Wengi mlitoka pembetatu ile ya Pweto, Mitwaba na Manono miaka ya Bakata-Katanga, na wengine mlitoka mbali zaidi, kutoka Tanganyika na Kivu. Mlikimbia na watoto mgongoni, si na karatasi. Ukifika ufuko mpya, wenyeji wanakuona mgeni unayekula samaki wao. Huduma inakuona mtu asiye na kibali. Basi unavua usiku, kwa chandarua cha mbu ambacho kinachota hata vitoto vya samaki, kwa sababu wavu mzuri ni ghali na anayevua kwa siri hachagui wavu. Wenyeji wanakulaumu, na kwa kweli chandarua kinaua ziwa. Lakini aliyekufungia mlango wa halali ndiye aliyekusukuma kwenye chandarua.

Ninachoomba kwa serikali ya jimbo na kwa wasimamizi wa territoire za Kasenga na Pweto ni hiki.

Kwanza, kibali kiwe kimoja, kitolewe kwenye dirisha moja, bei yake ijulikane. Mwenye boti ya kupeleka watalii alipe zaidi, mwenye mtumbwi wa kasia alipe kidogo.

Pili, kila kibali kiende na daftari lenye mambo matano tu: siku, mahali, muda wa kuvua, chombo kilichotumika, na aina ya samaki pamoja na uzito au idadi. Asiyejua kuandika asaidiwe na karani wa ufuko anayechaguliwa na wavuvi wenyewe. Wenye kupeleka wageni waanze mwaka wa kwanza. Mitumbwi ifuate tukishaona linafanya kazi.

Tatu, familia iliyohama ipewe kibali cha muda kwa ushuhuda wa chifu wa kijiji ilipopokelewa, na masharti ya wavu yawe yaleyale ya wenyeji. Huyo mgeni akipata haki ya kuvua mchana, mwenyeji anapata haki ya kumkataza chandarua.

Nne, na hili ndilo kubwa: kila mwaka kabla ya kufunga uvuvi, hesabu ya madaftari irudishwe kwa wavuvi. Isomwe ufukoni na isomwe redioni. Mvuvi akisikia namba aliyoiandika mwenyewe ikitumika kuamua tarehe ya kufunga, mwaka unaofuata ataandika kwa ukweli. Asiposikia kitu, ataandika uongo au hataandika, na hatakuwa na kosa.

Kuna watakaosema hakuna pesa za madaftari. Daftari la shule ni bei ya fungu moja la chisense. Baba yule wa mfuko alikuwa amelipia karatasi saba, na pesa za moja tu kati ya zile mbili zisizo na muhuri zingenunua madaftari ya ufuko mzima.

Alipozirudisha karatasi zake mfukoni, nilimuuliza: juma lile alivua nini? Hakufikiri hata kidogo. Alinitajia usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, ndoo kwa ndoo, na manda wawili ambao wageni wake waliwakosa mchana ule. Hesabu yote iko kichwani mwake. Hajapata bado mtu wa Leta wa kumuuliza.