Mpiga Ngoma Analala Wapi?

Miaka miwili iliyopita nilitia saini karatasi ya masurufu iliyokuwa na kosa ambalo mkaguzi wa hesabu asingeliona. Jumla zilikuwa sahihi, stakabadhi zilitimia, na kila shilingi ilikuwa na maelezo yake. Kosa lilikuwa katika mstari ambao haukuandikwa. Karatasi ile ilitenga fedha za malazi kwa ajili ya daktari mmoja, wauguzi wawili, mratibu na dereva wa gari la ofisi. Kwa wasanii tisa tuliosafiri nao ilitenga ujira wa onyesho, basi. Hakuna aliyeuliza watu hao tisa wangelala wapi. Hata mimi, ambaye ni daktari wa tiba ya dharura na nimepokea majeruhi wengi wa ajali za usiku, sikuuliza.

Ilikuwa safari ya wiki moja katika Wilaya ya Kilosa. Lengo lilikuwa kuzungumza na wazazi juu ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchi yetu ilianza kuitoa kwa wasichana mwaka 2018. Wasanii walitoka Morogoro mjini: wapiga ngoma, waigizaji, mwanasarakasi aliyezoea kuonyesha kazi yake sokoni na kwenye vituo vya mabasi, na kijana mmoja anayetunga, kurekodi na kuuza nyimbo zake mwenyewe bila kampuni wala meneja. Tulianza Kimamba, kwenye eneo la mkonge, tukaingia Kilosa mjini, tukashika barabara ya Ulaya, tukamalizia Mikumi.

Kila tulipofika, utaratibu ulikuwa uleule. Ngoma ilipigwa kwanza. Watoto walifika mbio, kisha wanawake, na mwisho wanaume, ambao walisimama mbali wakiegemea baiskeli zao kana kwamba walikuwa wanapita tu. Likafuata igizo, kisha maelezo mafupi ya kitaalamu, kisha maswali.

Huko Ulaya bibi mmoja alinipita nikiwa nimevaa koti langu jeupe, akamwendea binti aliyeigiza mama mkwe mkorofi.

“Mwanangu,” akamwuliza kwa sauti ya chini, “ni kweli sindano ile haitamfunga mjukuu wangu kizazi?”

“Haitamfunga, bibi. Mdogo wangu kachomwa. Lakini twende tukamwulize daktari pamoja.”

Akamshika mkono, wakaja wote wawili. Mjukuu yule alichanjwa. Nimesoma miaka mingi, na ninajua namna chanjo ile inavyofanya kazi mwilini, lakini hatua zile ishirini kutoka kwa bibi hadi kwangu zilitembewa kwa msaada wa mwigizaji.

Jambo hili si geni kwetu. Profesa Penina Muhando Mlama, aliyezaliwa Berega katika wilaya hiihii, alikuwa miongoni mwa wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao katika miaka ya 1980 walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, Mkoa wa Mwanza, kwa kutumia sanaa za maonyesho. Mwaka 1991 alichapisha kitabu juu ya njia hiyo. Fundisho lake kwetu sisi watu wa afya ni kwamba sanaa haipaswi kuwa kengele ya kuwaita watu waje kumsikiliza mtaalamu. Ndani ya ngoma na igizo jamii huyatazama matatizo yake, hubishana na huamua. Ikiwa ni hivyo, basi wale tisa walikuwa, kwa wiki ile, watumishi wa afya kama sisi wengine. Sisi tuliwahesabu kama vyombo vya kukodi, katika fungu moja na turubai, jenereta na vipaza sauti.

Onyesho la mwisho lilifanyika Mikumi. Lilichelewa kuanza, likaisha saa nne usiku. Sisi wa ofisi tulikwenda kwenye nyumba ya kulala wageni iliyokuwa hatua chache kutoka barabara kuu. Wasanii walifungasha ngoma na spika ndani ya gari dogo la abiria walilokodi, wakaanza safari ya kurudi Morogoro, zaidi ya kilomita 100, kwa sababu hawakuwa na fedha ya kulala na kesho yake walikuwa na kazi nyingine. Dereva wao alikuwa macho tangu saa kumi alfajiri. Ilipofika saa tano usiku, alikuwa ametimiza saa 19 bila kulala.

Simu yangu iliita muda mfupi baadaye. Gari liliacha njia ndani ya Hifadhi ya Mikumi na kusimama vichakani. Hakuna aliyekufa. Mwigizaji mmoja alichanika paji la uso kwa spika iliyorushwa kutoka nyuma, na mpiga ngoma mkuu alivunjika kifundo cha mkono wa kulia. “Sikulala, daktari,” dereva aliniambia huku akitetemeka. “Nilifumba tu.”

Alisema kweli kama alivyoijua yeye. Mtu aliyechoka sana hupitiwa na usingizi wa sekunde chache bila kutambua. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 60 katika sekunde tatu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini kwa kiwango kinacholingana na cha mtu mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mratibu wa mradi ambaye angemkabidhi dereva mlevi wasanii tisa. Lakini dereva aliyekesha tunamwaga kwa kumpungia mkono na kumtakia safari njema.

Muziki wa Morogoro umekwisha kulipa gharama kubwa barabarani. Salum Abdallah, mwanzilishi wa bendi ya Cuban Marimba, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyeipatia sifa Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano, alifariki Januari 1979 kutokana na ajali ya gari nchini Kenya. Na Machi 2011, hapohapo Mikumi, gari lililokuwa likiwarejesha Dar es Salaam wasanii wa Five Stars Modern Taarab kutoka ziara ya maonyesho lilipata ajali, na watu 13 wakapoteza maisha. Siwataji ili kusema kuwa ajali hizo zote zilikuwa na chanzo kimoja. Nawataja kwa sababu kila mara tuliomboleza vipaji, tukapiga nyimbo zao redioni, na hatukuuliza mazingira ya kazi yao yalikuwaje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Vijana wengi wa makundi yetu ya sanaa wamo katika umri huo.

Anayepita Mikumi huona mabango yanayotangaza faini kwa dereva atakayegonga mnyama, na kila mnyama ana kiwango chake. Ni utaratibu mzuri, nami nauunga mkono. Lakini usiku ule, nikisimama karibu na gari lililoacha njia, nilijiuliza mkono wa mpiga ngoma umeandikwa wapi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, humlinda mwajiriwa ambaye mwajiri wake anamchangia. Msanii wa mtaani aliyekodiwa kwa onyesho moja hana mwajiri wa namna hiyo. Mgonjwa wangu hakuwa na bima pia. Plasta alikaa nayo wiki sita, na katika wiki hizo hakupata hata senti, kwa kuwa hulipwa kwa onyesho. Wenzake walipitisha bakuli. Nilitia fedha katika bakuli lile, na sijawahi kutoa mchango ulionifedhehesha kama ule.

Nazifahamu hoja za upande wa pili, maana nimezitoa mimi mwenyewe. Ya kwanza ni kwamba fedha hazitoshi: kila kitanda cha msanii ni lita za mafuta ambazo zingetufikisha kijiji kingine. Hoja hii ina ukweli. Safari iliyofuata tulipoweka malazi ya wasanii, tulikwenda vijiji vitano badala ya saba, na viwili vile bado vinatudai. Hata hivyo, fedha ile haikuwa akiba hata tulipoiacha. Ilikuwa gharama tuliyoihamisha kutoka kwenye vitabu vyetu na kuiweka juu ya mwili wa mtu mwingine. Nasi tunaofundisha kuwa kinga ni nafuu kuliko tiba hatuwezi kuikana kanuni hiyo tunapoandika bajeti.

Hoja ya pili ni kwamba wasanii wenyewe hupenda kurudi usiku. Ni kweli pia. Wengine wana watoto, wengine wana onyesho la kesho, na wengi wamezoea. Lakini mazoea hayaondoi usingizi, na mtu asiye na mahali pa kulala hajachagua kusafiri. Siku tulipowapa kitanda na chakula cha usiku, ni mmoja tu aliyeomba kuondoka.

Kwa hiyo, nina maombi kwa makundi matatu.

Kwa waratibu wa kampeni za afya: msanii anayebeba ujumbe wenu aingizwe katika orodha moja na muuguzi. Alale mnapolala, au onyesho limalizike mapema, mchana, ili afike kwake kabla ya giza. Kama safari ni ndefu, awepo dereva wa pili, kama inavyotakiwa kwa mabasi ya masafa marefu. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, useme nani atalipa akiumia, na msilipe baada ya miezi mitatu. Msanii anayesubiri malipo ya jana hukubali safari ya hatari ya leo.

Kwa wahudumu wa afya: anapokuja kwenu mwimbaji aliyekaukiwa na sauti, au mpiga gitaa mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha, msikimbilie kalamu ya dawa. Ulizeni amelala wapi wiki hii, amesafiri saa ngapi, amekula nini. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu ichunguzwe kooni na mtaalamu. Kabla ya hapo, mara nyingi mapumziko, maji ya kutosha na kuacha kupiga kelele juu ya jenereta hufanya kazi kuliko viuavijasumu, ambavyo haviponyi uchovu.

Kwenu wasanii, ambao baadhi yenu mtalisoma jarida hili mkisubiri foleni: dereva ni mwenzenu wa kundi, naye ana haki ya kulala onyesho linapoendelea. Akianza kupiga miayo, kukosa kona au kusahau kilomita chache zilizopita, msimamishe mahali salama. Redio na dirisha wazi havimwamshi mtu. Usingizi wa dakika 15 hadi 20 pamoja na kikombe cha kahawa humsaidia kwa muda mfupi, ila haulipi deni la usiku mzima. Fungeni mikanda, hata viti vya nyuma. Fungeni spika na ngoma kwa kamba, kwa maana gari likisimama ghafla vyombo hivyo havisimami. Jiungeni na bima ya afya kadiri mnavyoweza, na msione haya kuuliza, kabla hamjapakia vyombo, mtalala wapi.

Mpiga ngoma wetu alirudi kazini. Mkono umeunga, ingawa hauzunguki kama zamani, na sasa huanza kwa mkono wa kushoto. Tulipokuwa naye tena Mikumi mwaka uliofuata, tulilala nyumba moja ya wageni, vyumba vilivyotazamana. Asubuhi nilimkuta uani akinywa chai, ngoma zake zimeegemezwa ukutani kwenye jua ili ngozi zikaze. Sikumwambia kitu, naye hakuniambia. Alinisogezea kiti.

Karatasi za masurufu za mwaka ujao zitafika mezani kwetu hivi karibuni. Atakayepewa kalamu aisome orodha hadi jina la mwisho, na asitie saini kabla hajajibiwa mpiga ngoma analala wapi.