Kioo cha Metorex kimgeukie pia mchimbaji

Kila anayeuza madini hapa Kolwezi anaijua Metorex. Ni mashine ya mkononi yenye umbo la bastola. Mnunuzi anaigusisha kwenye madini, anabonyeza, na baada ya muda mfupi namba zinatokea: asilimia ya shaba, asilimia ya kobalti. Kwa namba hizo bei inapangwa, na mchimbaji anajua kama leo nyumbani watakula.

Lakini kioo kinamtazama nani? Kwenye depo moja niliposimama, kilimtazama mnunuzi peke yake. Mchimbaji alisikia tu: "Moja na nusu." Alipouliza, aliambiwa kama haridhiki abebe mifuko yake. Mwaka 2016 Amnesty International iliandika kwamba watoto waliouza madini huku kwetu hawakuwa na njia ya kuhakikisha uzito wala ubora wa mzigo wao. Malalamiko hayo tunayasikia hadi leo, tena kwa watu wazima.

Wengi wanasema ni wizi tu. Wizi upo, sikatai. Ila wizi unapata nafasi pale chombo kinapoonekana na mtu mmoja. Mama anayeuza unga sokoni anajaza meka mbele ya macho yako. Ikipungua, unaona na unasema. Kwa Metorex utasema nini?

Kuna watu ambao kazi yao ni kupanga kioo, vitufe na maneno ili anayetumia chombo asipotee. Sheria yao ya kwanza ni kumjua mtumiaji. Basi hapa mtumiaji ni nani: anayeshika mashine, au pia yule anayelipwa kwa namba yake? Mimi nasema wote wawili.

Familia zilizohamishwa kwa ajili ya migodi, kama ilivyotokea Kasulo mwaka 2017, wataelewa haraka. Karatasi ya fidia nayo ni chombo. Ikiandikwa kwa Kifaransa peke yake, mama asiyesoma Kifaransa anatia sahihi kitu asichokijua. Katiba ya 2006 inahesabu Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Kwa nini kikose kwenye karatasi inayomhamisha mtu nyumbani kwake?

Vijana wetu mnaosoma informatique, ninyi ndio nawaomba. Mnapokutana mnaonyeshana programu zenye rangi nzuri. Vizuri. Lakini kabla ya kuchora nyingine, nendeni Musompo, kaeni na mchimbaji siku nzima, mtazame anapopotea. Mtaona kazi inayohitajika: kioo cha pili upande wa muuzaji, na kikaratasi cha Kiswahili chenye uzito, asilimia na bei. Asiyesoma asomewe kwa sauti.

Mtaniambia wanunuzi watakataa. Wengine, ndiyo. Ndiyo maana serikali ya jimbo iifanye kuwa sharti la kufungua depo. Mnunuzi anayepima kwa haki hapotezi kitu kwa kuonyesha namba. Mtu akihesabu franka zake mwenyewe, atashindwaje kusoma 1,5?

Wewe unayeuza madini, uliwahi kuonyeshwa kioo? Na wewe uliyehamishwa, karatasi yako ilikuwa kwa lugha gani? Tuambieni.