Baridi Siyo Mvua: Tabia ya Nchi ya Laikipia

Watu wengi hudhani ya kuwa nchi ya baridi ni nchi ya mvua. Si ajabu, kwa maana Limuru na Kericho ni mahali pa baridi, na mvua yake ni nyingi. Lakini mkulima afikaye Laikipia na dhana hiyo aweza kupoteza mavuno yake yote. Usiku hujifunika mablanketi mawili; asubuhi hutoka akakuta vumbi shambani.

Sababu yake yafaa ielezwe. Laikipia ni uwanda wa juu, na sehemu yake kubwa imeinuka mita 1,500 hadi zaidi ya 2,000 juu ya bahari. Kila mtu apandapo mita 1,000, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Ndiyo maana Nanyuki, ingawa ikweta hupita hapo hapo, ni mji wa makoti. Ama ukavu, huo waletwa na Mlima Kenya. Pepo za kusi na za mashariki hubeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Zikifika mlimani hulazimika kupanda, hupoa, nazo huimwaga mvua yao Embu, Chuka na Meru. Zikishuka upande wa pili, kuelekea Laikipia, hazina tena cha kutoa. Na upande wa kusini-magharibi, milima ya Nyandarua nayo huchukua sehemu yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya Laikipia hupata milimita 400 hadi 750 tu kwa mwaka, yaani inchi zipatazo 16 hadi 30. Pande za Nyahururu na Marmanet hupata zaidi, lakini Mukogodo, kaskazini, hupata kidogo sana. Tena jua ni kali na upepo ni mwingi, hata maji yaliyoingia ardhini hupotea upesi.

Hapo zamani jambo hili lilifahamika vema. Wamaasai walichunga ng'ombe wao huko mpaka walipohamishwa kusini baada ya mapatano ya mwaka 1911, na walowezi waliokuja nyuma yao walifuga zaidi kuliko kulima. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, vyama na makampuni ya wananchi yalinunua mashamba mengi na kuyagawa vipande vidogo. Wengi walionunua walitoka katika nchi zenye mvua, nao walikuja na jembe na mbegu za kwao.

Tuseme mtu ametoka Nyeri na ekari zake mbili, naye apanda mahindi yale yale aliyoyazoea. Mahindi hutaka milimita 500 au zaidi katika msimu mmoja, na hapo mwaka mzima huenda usifikishe kiasi hicho. Baridi nayo huyachelewesha. Mbegu ikomaayo kwa miezi mitatu katika joto la tambarare hukawia zaidi nyanda za juu, na mvua humalizika mahindi yakiwa bado yatoa maua. Shamba huonekana kijani, lakini ghala ni tupu.

Kuna pia baridi ya kuunguza. Usiku usio na mawingu, hasa Januari na Februari, ardhi hupoteza joto lake. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama bondeni, na umande hugandika juu ya majani. Viazi vilivyopandwa bondeni huamka vimekuwa vyeusi, hali vya jirani kwenye mteremko vimesalimika.

Basi mkulima afanye nini? Kwanza, apande mapema, mvua inapoanza, na achague mazao ya muda mfupi kama maharagwe na viazi. Pili, afunike udongo kwa mabua na majani makavu, wala asiulime mara kwa mara, ili unyevu usikimbie. Tatu, akinge maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 50, mahali pa milimita 600, hupokea lita 30,000 kwa mwaka. Hata zikipotea lita 6,000, zilizobaki ni zaidi ya lita 60 kila siku. Nne, aweke mifugo michache iliyo mizuri, na nyasi kavu za akiba.

Lakini maji ya mto si ya mtu mmoja. Wakulima wa juu wakiyafungia yote katika mifereji wakati wa kiangazi, Ewaso Ng'iro hukauka kabla ya kufika kwa wafugaji wa chini, na ugomvi huanza hapo. Vyama vya watumiaji maji, vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 2002, vimekusudiwa kugawa maji haya kwa zamu, na kila mwenye shamba yampasa kushika zamu yake.

Baina ya mwaka 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana, mifugo ikafa kwa wingi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini Laikipia mawingu mara nyingi hukaa juu ya mlima yasishuke. Mwenye hekima huyatazama, kisha huenda kulisafisha tangi lake.